Redio ileile, spika zilezile: kwa nini mchana inapiga kelele na usiku inaimba

Mwenye redio nzuri sebuleni anaijua hali hii. Jumamosi mchana umeweka rumba ya zamani, umefungua sauti mpaka pale unapofungua siku zote, na kinachotoka ni makelele matupu. Besi imevimba, mwimbaji amejificha nyuma yake, magitaa matatu yamekuwa kitu kimoja. Siku hiyohiyo saa sita usiku, watoto wamelala, umepunguza sauti mpaka aibu, na ghafla kila mtu kwenye bendi ana kiti chake. Unamsikia mpiga tumba akigusa ngozi kwa vidole kabla hajapiga. Unamsikia mwimbaji akivuta pumzi. Hujagusa waya wala hujabadili spika.

Mimi niliambiwa ni umeme. Fundi aliyeniunganishia mziki wangu alisema umeme wa mchana ni mchafu, mtaa mzima unauchezea kwa pasi, mashine za kuchomelea na mafriji, usiku unatulia na redio inapata chakula safi. Ilikuwa hoja tamu. Nikanunua stebulaiza, nzito kama jiwe la kusagia, nikaiweka chini ya kabati la runinga. Mchana ukabaki mchana na usiku ukabaki usiku.

Umeme una sehemu yake katika jambo hili na nitaifikia. Ila ni sehemu ndogo kuliko watu wanavyoisema, na kwa kawaida huja mwishoni mwa mnyororo unaoanzia mahali ambapo hakuna anayepaangalia: feni.

Kaa sebuleni mchana, zima muziki, usikilize. Pangaboi linazunguka. Friji inanguruma, inanyamaza, inaanza tena. Madirisha yako wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo bodaboda zote za mtaa zinapita ndani ya nyumba. Jirani ana redio yake. Sebule ya mjini katika hali hiyo hufika desibeli 50 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kirahisi kabla hujaweka wimbo wowote. Usiku wa manane, feni ikiwa imezimwa, chumba hichohicho kinaweza kushuka hadi kwenye 30 na ushei. Hatuyasikii makelele hayo kwa sababu tumeyazoea. Sikio linayasikia, na linayatoza ushuru.

Ushuru wenyewe uko hivi. Wimbo si sauti moja, ni sauti kubwa na ndogo pamoja. Pigo la ngoma liko juu, mguso wa kidole kwenye waya wa gitaa uko chini sana, na mwangwi wa studio uko chini zaidi. Kelele ya chumba ni kama maji ya mafuriko: vitu virefu vinabaki juu, vifupi vinazama. Mchana unasikia vilele vya wimbo tu. Usiku maji yanashuka desibeli 15 au 20, na vitu vilivyokuwa chini vinajitokeza vyenyewe. Ndiyo maana mtu hudhani redio imebadilika. Kilichotokea ni kwamba ameanza kuisikia yote.

Feni ina kosa la pili ambalo ni la pekee yake. Mtoto yeyote anajua kwamba ukizungumza mbele ya feni sauti yako inatetemeka kama ya roboti. Mapanga yanakata na kurudisha mawimbi ya sauti. Feni ya mezani ikisimama karibu na spika, au katikati ya spika na wewe, inaufanyia muziki mchezo uleule kwa kiasi kidogo, hasa kwenye sauti nyembamba.

Sasa angalia binadamu anafanya nini akiwa kwenye kelele: anaongeza sauti. Hapa ndipo mnyororo unapoanza kuvuta.

Spika za kawaida za nyumbani hazihitaji nguvu nyingi kama maboksi yanavyodai. Wati 1 tu ni sauti kubwa ya kutosha sebuleni, na usiku unaposikiliza kwa utulivu pengine unatumia sehemu ya kumi ya wati kwa wastani. (Zile wati 5,000 zilizoandikwa kwenye boksi kwa herufi za PMPO ni mashairi, usizihesabu.) Desibeli lakini zina hesabu yake ya ajabu: kila ukiongeza 10, nguvu inazidishwa mara 10. Ukitaka kuishinda kelele ya mchana kwa kuongeza desibeli 15, unazidisha nguvu kama mara 32. Ile sehemu ya kumi ya wati inakuwa wati 3. Bado ni kidogo, utasema. Ndiyo, ila hiyo ni wastani. Pigo la ngoma kwenye rekodi iliyorekodiwa vizuri linaweza kuruka desibeli 15 juu ya wastani, yaani mara 32 nyingine, na hapo amplifaya inaombwa karibu wati 100 kwa kufumba na kufumbua. Kama yako ina wati 40 za kweli, haina cha kutoa. Inakata kichwa cha wimbi.

Wimbi lililokatwa kichwa linazaa sauti ambazo hazimo kwenye wimbo, nyingi zikiwa za juu, zinazokwenda moja kwa moja kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Huo ndio ukali unaochoma mchana, ule unaokufanya useme redio leo imekasirika. Usiku amplifaya ileile haifiki popote karibu na mpaka wake.

Na sasa umeme. Kwenye amplifaya ya zamani yenye transfoma nzito, nguvu ya juu kabisa inafuata volti zinazoingia, na inafuata kwa kipeo cha pili. Kama volti 230 za kawaida zimeshuka hadi 190 jioni, wakati kila nyumba imewasha kila kitu, amplifaya ya wati 40 inabaki na kama wati 27. Inaonekana hasara kubwa, lakini kwa lugha ya sikio ni chini ya desibeli 2, na inahusu vilele tu. Ukiwa unasikiliza kwa sehemu ya kumi ya wati, hizo wati 13 zilizopotea hazikuhusu kabisa. Ni kama kupungua kwa maji kwenye tangi wakati wewe unajaza kikombe. Kwa hiyo fundi wangu hakudanganya. Umeme mdogo unaharibu sauti, ila kwa yule ambaye tayari ameifungua redio mpaka mwisho. Redio nyingi za kisasa hata hilo haliwagusi, kwa sababu zina kile chombo cha umeme kinachokubali chochote kati ya volti 100 na 240 na kutoa kilekile ndani.

Kuna uchafu wa umeme unaosikika kweli. Transfoma inayovuma yenyewe. Mvumo mnene unaotoka kwenye spika ukichomeka waya wa dishi au wa runinga, kwa sababu vyombo viwili vimeunganishwa ardhi kwa njia mbili tofauti. Chaja ya simu ya bei ya kutupa inayojaza mikwaruzo kwenye masafa ya kati ya redio. Haya yote ukizima wimbo unayasikia waziwazi. Kama redio yako iko kimya wimbo ukiwa umesimama, nafasi kwamba uchafu wa umeme unakuibia gitaa ni ndogo sana.

Kiungo kingine cha mnyororo ni joto, na hiki kinawahusu wenye sherehe. Ndani ya kila spika kuna koili ya waya mwembamba, mara nyingi wa shaba. Nguvu nyingi inayoingia kwenye spika haiwi sauti, inakuwa joto, na shaba ikipata joto inazidi kuupinga umeme: takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili ikipanda nyuzi 100, jambo la kawaida kwenye spika inayopigwa mfululizo, upinzani wake umeongezeka karibu asilimia 40 na sauti imeshuka kama desibeli 3. Ndiyo maana mziki uliokuwa unatikisa vikombe saa mbili usiku unaonekana umechoka saa nne, na mjomba mmoja anainuka kwenda kuuongeza. Akiongeza, koili inazidi kuchemka. Mjomba huyo ameua spika nyingi nchi hii.

Mpaka hapo ni hadithi nzuri kwa usiku. Lakini kuna sheria moja ya sikio ambayo inapaswa kuufanya usiku uwe mbaya, na ni vizuri tuikabili.

Mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell kule Marekani walichapisha vipimo vya jinsi sikio linavyopokea sauti za kina tofauti. Walikuta kwamba sikio halina haki. Sauti za katikati, zile za mazungumzo, linazisikia kirahisi. Besi linaidai iwe na nguvu zaidi ndipo liihesabu sawa. Na kadiri unavyopunguza sauti ndivyo dai hilo linavyopanda. Kwa vipimo vya kimataifa vilivyorekebishwa mwaka 2003, sauti ya hezi 1,000 (yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde) ikiwa na desibeli 80, besi ya hezi 50 inahitaji kuzidi kwa desibeli kama 22 ili zionekane zinalingana. Shusha ile ya hezi 1,000 hadi desibeli 40, na sasa besi inahitaji kuzidi kwa 38 hivi. Maana yake, ukipunguza redio, besi inapungua haraka kuliko vingine vyote. Watengenezaji wa zamani walilijua hilo. Kile kitufe kilichoandikwa LOUDNESS kwenye amplifaya za miaka ya 1970 na 1980 kiliwekwa kuirudishia besi uzito wake wakati wa kusikiliza kwa chini. Watu wakaanza kukibonyeza huku wamefungua sauti yote, ndipo kikapata jina baya.

Basi kwa sheria hiyo muziki wa usiku ungepaswa kuwa mwembamba. Mbona ni mtamu?

Jibu langu ni kwamba sebule zetu nyingi zina besi kupita kiasi tangu mwanzo. Tunaishi ndani ya kuta za tofali za saruji, sakafu ya vigae, vyumba vidogo, na sabufa imesukumwa kwenye kona kwa sababu ndipo penye nafasi. Kona ni tarumbeta ya besi: kila ukuta ulio karibu unairudisha sauti nzito na kuiongezea nguvu. Besi ikiwa kubwa namna hiyo haikai peke yake. Sikio lina tabia ya kuacha sauti nzito zifunike nyembamba kuliko nyembamba zinavyoweza kufunika nzito, na tabia hiyo inazidi sauti zinapokuwa kubwa. Hivyo mchana, redio ikiwa juu, besi iliyovimba inamfunika mwimbaji. Usiku unaposhusha sauti, sikio lenyewe linapunguza besi iliyozidi, na pazia linaondoka. Yaani dosari ya sikio inaponya dosari ya chumba. Kwenye chumba chenye besi ya kiasi, mtu huyohuyo angelalamika kwamba usiku muziki umekonda, na angekuwa sahihi.

Na sikio lenyewe si lilelile kutwa nzima. Mtu aliyetoka kwenye daladala yenye mziki, akapita karakana ya kuchomelea, akafika nyumbani saa kumi na mbili jioni, amebeba masikio yaliyochoka. Seli zenye vinyweleo ndani ya sikio zikishapigwa kelele kwa saa kadhaa hupungua wepesi wake kwa muda, hasa kwa sauti za juu, na zinahitaji saa za utulivu kujirudisha. Ni kama ulimi baada ya pilipili. Hata chai nzuri huionji. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa usalama wa kusikiliza kwenye desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukipanda juu ya hapo muda unapungua haraka. Saa sita usiku, au alfajiri ya Jumapili kabla mtaa haujaamka, unasikiliza kwa masikio mengine kabisa.

Halafu kuna mahali unapokaa, jambo ambalo mafundi wachache hulisema kwa sababu halina kitu cha kuuza. Chukua sebule ya mita 4 kwa 3. Wimbi la besi la hezi 43 au 44 linaingia mara nusu kamili kwenye ule urefu wa mita 4, linarudi, linajikuta lenyewe, na kusimama. Penye kuta linakuwa na nguvu. Katikati ya chumba linajifuta. Noti za chini za gitaa la besi ziko hapohapo: waya mnene kabisa, ukifungwa kawaida, unatoa hezi 41. Kwa hiyo aliyekaa kwenye sofa lililoegemezwa ukutani, na sofa zetu zote zimeegemezwa ukutani, anapata besi ya kutisha. Aliyevuta stuli katikati anaweza kuuliza kama sabufa imezimwa. Wanasikiliza redio moja, wametofautiana hatua mbili, na wote wawili wako tayari kula kiapo.

Mchana uko wapi hasa wakati wimbo unapigwa? Jikoni. Mlangoni. Unapita na ndoo. Usiku umekaa, peke yako, katikati ya spika mbili, bila kusogea. Hilo peke yake linafufua stirio. Ukisogea karibu na spika ya kushoto kwa sentimita 30 kuliko ya kulia, sauti yake inakuwahi kwa karibu milisekunde 1, na muda huo mdogo unatosha kumvuta mwimbaji kutoka katikati hadi upande wa kushoto. Bendi iliyokuwa imepangwa vizuri mbele yako inarundikana kwenye boksi moja. Zulia likitolewa kufuliwa, ukali wa vigae unaongezeka. Wageni sita wakiingia, miili na nguo zao zinanyonya sauti za juu na chumba kinalainika. Madirisha yakifunguliwa, besi inapata pa kutokea. Sebule haikai chumba kimoja siku nzima.

Wanaosikiliza kwa simu wana sababu ya ziada, na hii ni ya mashine kweli. Programu za muziki zikiachiwa zijichagulie ubora, hushusha ubora mtandao unapozidiwa. Spotify, kwa mfano, inaweza kwenda kutoka kilobiti 320 kwa sekunde hadi 24, na tofauti ya hizo mbili mtu yeyote anaisikia: matoazi yanageuka kuwa mchanga unaomwagika. Jioni kila mtu yuko mtandaoni. Usiku wa manane, wenye bando la usiku wanafaidi njia iliyo wazi. Ukitaka kuondoa shaka, pakua wimbo kwa ubora wa juu, ucheze ukiwa umehifadhiwa.

Hali ya hewa yenyewe nitaipita haraka. Joto na unyevu hubadili jinsi hewa inavyobeba sauti, hewa kavu ikila zaidi sauti za juu, lakini kwa mita 3 za sebuleni ni sehemu ya desibeli, awe mtu yuko Dodoma au Tanga. Pwani, unyevu na chumvi vina kazi nyingine: vinakula chuma. Pini za waya zinapata utando, kitasa cha sauti kinakwaruza, spika ya kushoto inapotea wakati wa masika na kurudi yenyewe ukizungusha kitasa mara tatu. Ile si hali ya usiku na mchana, ni ugonjwa. Redio ikizimwa, chomoa na chomeka kila pini mara kadhaa, au mwombe fundi apulize dawa ya kusafishia, na usikubali kubadilishiwa saketi kabla hilo halijafanyika. Na wenye spika za zamani watazame ule mduara wa foamu pembeni. Ukishaoza na kuchanika, hakuna saa itakayoifanya iimbe.

Inabaki akili, na hapa lazima tujipeleleze wenyewe. Kumbukumbu ya namna sauti ilivyokuwa, rangi yake na uzito wake, hufifia baada ya sekunde chache tu. Anayesema redio ya leo ni tofauti na ya jana analinganisha sauti na hadithi ya sauti. Tena kati ya sauti mbili zinazofanana, ile iliyo juu kidogo, hata desibeli 1, watu huichagua kuwa bora bila kujua wameichagua kwa nini. Ukishalipia kifaa, moyo nao unataka kikusaidie.

Nililifanyia jaribio stebulaiza yangu. Niliketi nimeipa mgongo, sauti mahali pamoja, wimbo uleule, na binti yangu akarusha shilingi kila mara kuamua kama redio ichomekwe kwenye stebulaiza au ukutani. Mara 12. Mimi nikiandika ninachodhani. Ukipatia 10 au zaidi, kubahatisha tupu kungekufikisha hapo mara 2 hivi katika 100, kwa hiyo ungekuwa na haki ya kutamba. Nilipatia 5.

Baadaye nikazima pangaboi saa nane mchana, nikafunga madirisha, nikaisogeza sabufa kutoka kwenye kona na kuvuta kiti mpaka katikati ya spika. Nililoa jasho, lakini mpiga tumba alirudi. Kilichobaki kunisumbua kilikuwa mngurumo wa friji, kwa hiyo stebulaiza nikaihamishia jikoni. Friji bado inanguruma, ila sasa inanguruma kwa volti 230 kamili.